Bwawa la Samadi Nililoliombea Kabla ya Wakati

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu na tumbo lenye ugali. Nasema mchana kwa sababu kila ninaposimulia kuna mtu hukatiza: "Mzee, ilikuwa saa ngapi za usiku?" Haikuwa usiku. Ilikuwa saa tisa alasiri, siku ya Alhamisi, jua likichoma mawe. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, pombe sinywi, na habari za mizimu sikufundishwa kuziamini. Basi nisikilize kwanza, utabisha baadaye.

Upande wa Kigongo, kwenye mteremko unaoshuka ziwani, kuna shamba la jirani yangu Mama Sospeter. Marehemu mumewe alifuga hapo ng'ombe wa maziwa, na nyuma ya banda alichimba bwawa la samadi, shimo kubwa ambamo mkojo na kinyesi vilishuka kwa bomba. Alipofariki, ng'ombe wakauzwa, bwawa likabaki. Likakauka juu, likafanya gamba, na majani yakaota juu ya gamba. Ukilitazama unaona uwanja.

Mwaka huu kanisa letu lilikosa mahali pa kufanyia Sikukuu ya Mavuno. Mama Sospeter, kwa moyo mwema, akatoa eneo hilo, na mwanawe Sospeter akasema bwawa atalifunga yeye. Akaleta kifusi kwa lori, akamwaga juu, akasawazisha, akapanda nyasi. Siku nne tu. "Limefungwa, mzee," akaniambia. Nami, Mungu anisamehe, sikuuliza hata swali moja. Nilisimama pale na Biblia yangu nikamshukuru Bwana kwa kazi iliyokamilika. Sisi watu wa kanisa tuna haraka sana ya kushukuru.

Alhamisi hiyo, siku tatu kabla ya sikukuu, nilikwenda kupima mahali pa maturubai. Kwaya ya watoto ndiyo ingekaa katikati. Nikamkuta mtu amesimama papo hapo katikati, mtu wa makamo, gambuti miguuni, ameshika mti mrefu uliochanjwa alama kama rula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, hapa hawajatoa tope."

Nikadhani anatafuta kazi. "Kama unataka kibarua, mwone Sospeter."

"Kibarua ninacho, ndicho hiki. Tope lote liko chini. Ulishukuru mapema, mzee."

Wewe ungefurahi kuambiwa hivyo na mtu usiyemjua? Nilikereka. Nikamwambia, "Bwana, ondoka hapo, watu tuna shughuli."

Hakuondoka. Aliuchomeka ule mti ardhini polepole, kama unavyochomeka mwiko kwenye uji, nao ukazama, ukazama, mpaka ukafika kwenye vidole vyake. Yeye mwenyewe hakuzama hata unyayo. Hapo mtu mwenye busara angejiuliza. Mimi nilikuwa nimeshakasirika, nikamwendea nimtoe kwa mkono.

Sikumfikia. Mguu wa kulia uliingia hadi pajani, kisha nikazama hadi kiunoni. Ikatoka harufu ya mayai viza, macho yakawasha, kichwa kikazunguka. Nilitaka kulitaja jina la Bwana na sauti haikutoka. Ndipo ule mti ukaja mbele ya kifua changu. Niliushika kwa mikono miwili. Yule mtu akanivuta taratibu hadi ukingoni, akisema kwa sauti ya kuchoka, kama aliyerudia jambo moja kutwa nzima, "Nimekwambia, mzee. Si nimekwambia."

Niliposhika majani ya ukingoni nikageuka nimshukuru. Hakukuwa na mtu. Kwenye udongo ule laini kulikuwa na nyayo za kwenda tu, na zilikuwa zangu. Mti ulikuwa bado mikononi mwangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Sospeter nikiwa nanuka vile vile. Alikuwa akianua dagaa. Aliuona mti kabla hajaniona mimi.

"Umeutoa wapi huo?"

"Kwenye uwanja wako."

"Huo ni mti wa Mabula," akasema, akakaa chini. Mabula alikuwa mfanyakazi wao zamani, kabla mimi sijahamia huku, ndiye aliyepima kina cha bwawa. Siku moja ndama alitumbukia, Mabula akashuka kumtoa, hewa ya sumu ya mle ikamwangusha. "Nilikuwepo walipomtoa, mzee. Tulimzika kwao. Mti haukuonekana mpaka leo."

Niamini, hadi hapo sikuwa nimechoka bado. Walionichosha ni watu walio hai. Nilisema mtu asikanyage pale Jumapili mpaka tope litolewe. Sospeter akanuna.

"Sasa tutawaambia nini watu, mzee? Kwamba kwetu kuna shetani?"

"Sijasema kuna shetani. Nimesema kuna samadi."

"Lakini huyo Mabula..."

"Mabula ndiye mwenye akili peke yake katika shamba hili."

Ijumaa habari zilikuwa zimefika kila nyumba. Wakaja waombaji na mafuta, wakalizunguka bwawa wakiikemea roho ya Mabula. Alasiri akaja mzee mwingine na ushauri wa kuchinja mbuzi mweusi. Nikahesabu watu zaidi ya thelathini, na koleo hata moja halikuwepo. Nikawaambia, "Mnamkemea aliyeniokoa. Anachotaka ni tope litoke." Mama mmoja wa kwaya, ambaye watoto wake niliwasimamia ubatizo, akanitazama kwa huruma. "Baba, imani yako imeingia baridi." Niambiwe hivyo kwa umri huu.

Jumamosi Sospeter alikuwa amefunga maturubai tayari. Akasema ataweka mbao chini, watoto ni wepesi. Sikubishana. Nilimpa mti nikamwambia asimame ukingoni, achomeke mwenyewe.

Akauchomeka akicheka. Ukashuka hadi karibu na ngumi yake, kisha ukatikisika mara mbili, kama kamba ya mvuvi samaki anapouma. Sospeter hakuwa ameutikisa. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wake. Aliuachia, nao ukaenda chini wenyewe, umesimama wima, hadi nyasi zikafunga juu yake. Aliufungua mkono wake akautazama, kisha akaenda kufungua maturubai. Mavuno tukayafanyia mbele ya kanisa, tumebanana juani, na tulimshukuru Mungu kwa jua.

Kazi yenyewe ilichukua wiki nyingi. Majimaji yalivutwa kwa pampu hadi mashambani, mbali na ziwa. Katapila lilisimama kwenye ardhi ngumu likachota tope mpaka udongo mwekundu wa asili ukaonekana, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Bomba likang'olewa. Udongo ukarudishwa tabaka kwa tabaka, ukashindiliwa, ukaachwa umeinuka katikati ili maji ya mvua yasituame. Tope lote lilichambuliwa. Ule mti hatukuupata.

Mguu wangu wa kulia ni wa baridi tangu siku ile, kuanzia pajani kwenda chini, hata mwezi wa kiangazi. Mke wangu huufunika kwa blanketi lake. Nashukuru kwamba ninao.

Wewe mwenye bwawa la namna hiyo, gamba lisikudanganye. Usilifunike kabla hujalitoa tope. Na mtu akitumbukia, usimfuate. Mtupie kamba, ita watu, maana hewa ile huua anayeokoa kama ilivyomwangusha wa kwanza.

Wiki iliyopita mfugaji mmoja wa nguruwe kutoka Pasiansi alinipigia simu. Amejaza shimo lake kifusi, anaomba nije niliombee. Nikamuuliza kama ametoa tope. Akasema, "Mzee, si uombe tu?"

Nikamuuliza ni watoto wa nani watakaocheza hapo juu. Akasema ni wa kwake. Halafu akaniuliza katapila linapatikana wapi.