Lupango Chini ya Maji

Kuna siku moja ninaikumbuka kwa harufu. Matope yaliyokaa chini ya ziwa tangu kabla sijazaliwa yalikuwa wazi juani, na kijiji kizima kilisimama ukingoni, watu wameziba pua kwa nguo zao, wanagombana.

Mwanangu Fiston, tangu asubuhi ninajaribu kukuandikia juu ya siku hiyo. Nimechemsha chai, nimeisahau. Nimetoka kuangalia mitumbwi, nimerudi, nimeketi, nimeinuka tena. Shule yangu iliishia darasa la tano, na zoea la kuandika mambo yangu ya kila siku halijanifanya mwalimu. Huenda nikasema vibaya. Lakini jana ulikuja na furaha ukaniambia kwamba Jumamosi nyinyi vijana wa Ku Mulima mtakutana, na wewe mwenyekiti wao utawaondoa watu wa maturubai, wale waliotoka machimboni kule Kolwezi wakajenga chini karibu na matete. Ukasema, "Mama, bale batu habana kitu mu hii maji." Sikukubali wala sikukataa, na tangu hapo moyo hautulii.

Ziwa letu halina mababu. Unalijua hilo, ila wenzako wadogo wanadhani Mungu aliliweka hapa pamoja na milima. Mto Lualaba ulifungwa kwa barage, ukuta wa kuzuia maji, ili migodi ipate umeme, maji yakajaa mabondeni, na watu wa bondeni wakapanda huku juu na mbuzi wao na milango yao mabegani. Huku juu hapakuwa kwa mtu. Watu walipanda kuokota uyoga wakati wa mvua, wakashuka. Baridi ilikuwa kali na udongo mawe matupu. Na pamoja na watu wa bondeni walibaki wengine: familia za Kasai, ambazo wanaume wao walikuwa wamejenga barage yenyewe, na kazi ilipokwisha hakuna aliyewauliza watarudije kwao. Hao wote ndio Ku Mulima. Hakuna aliyezaliwa na kilima hiki.

Sasa sikiliza jinsi watu wa bondeni walivyogawana maji. Kila jamaa ilitega nyavu juu ya lupango yake, yaani pale ambapo kiwanja chao cha zamani kililala chini. Nilikua nikisikia maneno ambayo mgeni angeyaona ya wazimu. "Leo samaki walikuwa wengi jikoni." "Wavu ya tata imekwama mu kanisa." Baba yangu aliwahi kurudi na kambale mkubwa akasema amemkuta chumbani kwa mama mkwe, na mama hakumpa chakula siku nzima. Ilikuwa desturi nzuri, sikatai. Waliopoteza nyumba walizitembelea kila asubuhi kwa mtumbwi. Ila kwa desturi hiyo hiyo, bila mtu kutoa neno baya hata moja, watu wa Kasai hawakuwa na pa kutega. Wao hawakuacha nyumba chini.

Jirani yetu alikuwa mmoja wao, Tata Mukendi. Alikuwa na mke, Mama Kapinga, na watoto wengi, na walivua kandokando kwenye matete, vidagaa vya kuhesabika. Mama Kapinga ndiye aliyenifundisha kubanika samaki kwa moshi mdogo usiowachoma, na moto wetu ulikuwa mmoja. Nilikuwa msichana wa kuolewa wakati Tata Mukendi alipoinuka mkutanoni na kuomba mahali pa kutega. Kaka yangu Kalenga akamjibu mbele ya wote.

"Tata Mukendi, tuonyeshe tu lupango yako chini ya maji. Mulango yake iliangalia wapi?"

Watu walicheka. Tata Mukendi hakukasirika. "Mi nilisukuma burweti, toroli ya simenti ya ile barage," alisema. "Bila burweti yangu, we Kalenga, leo ungetega wavu mu mihogo."

Wakacheka zaidi, hata Kalenga. Lakini hawakumpa kitu. Ndivyo tulivyo hapa, mwanangu, na uwe mwangalifu: tunaweza kucheka vizuri na mtu na bado tukamnyima.

Hapo nikasimama mimi. Nilisema kwamba marehemu mama yangu aliniambia jinsi babu yetu alivyompa mfanyakazi mmoja wa Kasai lupango ndogo, upande wa nyuma ya kanisa la zamani, nayo ndiyo haki ya Tata Mukendi. Mama alikuwa kaburini, hakuna aliyeweza kumwuliza. Babu vilevile. Nilikuwa nimeitunga hadithi hiyo nikiwa nimekaa pale pale, wakati wengine wanacheka. Wazee waliangaliana, wakaona aibu kulikataa neno la marehemu, wakasema sawa. Tata Mukendi alinitazama na nikajua kwamba anajua. Hakusema chochote. Watoto wake walikuwa na njaa.

Akatega. Alipata samaki. Mama Kapinga akabanika makapu yake mwenyewe, na mimi nilitembea kijijini kama mtu aliyefanya jambo kubwa.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikataa. Maji yakashuka wiki baada ya wiki mpaka bonde likaonekana, jeusi, limejaa visiki, na harufu ile niliyokuambia. Watu wote walishuka kwenda kutazama nyumba zao. Nyuma ya pale walipodai ni kanisa, pale nilipompa Tata Mukendi lupango, palikuwa jabali moja zima, kubwa kama uwanja wa mpira, limeinama kuelekea mtoni. Hakuna mtu angejenga pale hata banda la kuku.

Kalenga alicheka mpaka akaketi. "Ee dada! Nkambo yetu alimupa Tata Mukendi jiwe?"

Halafu kicheko kikaisha, na sauti nyingine zikaanza: ametudanganya, amekula samaki wetu, aondoke. Walimsema Tata Mukendi. Mimi niliyetunga uongo nilikuwa mtoto wao, wakanipita. Nikaangalia upande wa Mama Kapinga. Alikuwa ameanza kukunja nyavu kabla mtu hajamwambia akunje. Alikunja polepole, ncha juu ya ncha, bila kumtazama mtu.

Wazee wawili waliingia matopeni ili kila mmoja aonyeshe mpaka wa lupango yake, wagawane sehemu ya Mukendi. Mmoja akapiga kisiki kwa fimbo.

"Hii njo mulango yangu!"

"Mulango gani? Hapa palikuwa choo ya bibi yako! Mi nilikuwa napita hapa kila siku nikiziba pua."

"Choo ilikuwa kule!"

"Kule ni kanisa!"

"Kanisa? We ulienda lini mu kanisa?"

Mwingine akaonyesha kanisa mahali pa tatu kabisa. Hapakuwa na ukuta hata mmoja, mwanangu. Udongo ulikuwa umerudi kuwa udongo. Basi wakamwita mama mkubwa Ngoie, dada mkubwa wa mama yangu, aliyeolewa na kuzaa kule bondeni, awe mwamuzi. Alivua viatu, akaingia matopeni na viatu mkononi, akageuka huku, akageuka kule.

"Mi sijui," alisema. "Niliolewa huku. Nilizikia mutoto huku. Na sijui ni wapi."

Uso wake ulikuwa umelowa. Kama ni machozi au maji ya matope, sitaandika nisilolijua.

Alipotoka aliniita. Nilidhani atanisifu, kwa kuwa naye alimpenda Mama Kapinga.

"We, kuya hapa. Ile lupango ya Mukendi uliitoa wapi?"

"Mama mukubwa, nilibahurumia."

"Huruma iko muzuri. Lakini angalia kile ulifanya. Ulimupa lupango ya uongo, ukaacha batu bote baendelee kuamini kama muntu asiye na lupango hana haki ya kula. Ungesema tu: huyu muntu ni jirani yetu, na iko na njaa. Ile ilikuwa kweli, na ilitosha."

Nimeligeuza neno hilo miaka yote hii. Je, ingetosha kweli? Sijui. Pengine siku ile ya kucheka wasingenisikiliza, na watoto wa Mukendi wangelala bila kula. Uongo wangu uliwalisha, lazima niseme hivyo. Lakini ulipopasuka haukuniangukia mimi. Ulimwangukia aliyekuwa anakunja nyavu.

Mama mkubwa akawageukia wanaume. "Maji itarudia. Ikirudia, mutatega namna gani, na hakuna anayejua lupango yake?"

Nimtendee haki kaka yangu: ni Kalenga aliyejibu. Alijibu kwa hasira, kama mtu anayetupa kitu chini. "Basi tutege kwa zamu! Kila juma tubadilishane, na huyu na jiwe lake aingie!" Wazee wakakubali. Mama Kapinga akazikunjua nyavu. Zamu hiyo ndiyo mliyoikuta, mkadhani ilikuja na kilima.

Sasa, watu wa maturubai. Unasema wanavua kwa vyandarua na kumaliza samaki wadogo. Ni kweli, nimeona kwa macho yangu vidagaa vyembamba kama misumari vimeanikwa. Lakini nimeona pia chandarua nyuma ya nyumba ya shemeji yako, na hukuniambia kwamba naye anaondolewa. Unasema wale ni ba creuseur, wachimbaji tu, wakisikia kuna shimo jipya lenye madini watatuacha na ziwa tupu. Inawezekana. Wengine walifukuzwa kwenye mashimo, wengine waliona wenzao wakifunikwa na udongo, sijui nani atabaki. Unasema zamu ikigawanywa kwa wengi, sisi tutakula kidogo. Hilo nalo ni kweli, na sina dawa yake.

Nikuambie jambo la leo. Asubuhi nilikuwa nimeandika hapa kwamba mmoja wa wale vijana ni mjukuu wa Tata Mukendi. Lilikuwa limekaa vizuri kwenye karatasi. Ungelainika, ninakujua. Nimelikata. Si mjukuu wa mtu yeyote tunayemfahamu. Ni watu tu, wana watoto, na watoto wanakula.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Jumamosi pimeni macho ya wavu, msipime mtu ametoka wapi. Wavu mbaya uchomwe, wa mgeni na wa shemeji kwa moto mmoja. Mwenye wavu mzuri aingie kwenye zamu, na anayekataa sheria ya wavu aondoke, awe yeyote. Usimwulize mtu ameacha nini chini ya maji. Hata sisi tuliulizwa, tukashindwa. Na ukimtetea mtu, mtetee kwa kile kilicho kweli juu yake, hata kama kinaonekana kidogo.

Nitakuja na kiti changu. Nitaketi upande wa maturubai, si kwa kuwa wao wana haki kuliko nyinyi, bali kwa kuwa upande wenu viti vitajaa.

Mungu akupe mdomo wa kusema neno gumu mbele ya rafiki zako, na akuachie rafiki baada ya kulisema. Akupe siku nyingi kwenye maji haya na usingizi mzuri baada ya kila mojawapo. Na kama Jumamosi utanishinda kwa neno la kweli, mwanangu, nitainuka kwenye kiti kile kile na kukubariki mbele yao wote.