Kichupa Kisicho na Lebo

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa chumbani kwangu mtaa wa Sanyuanli, huku kwa Wachina, asubuhi, nimeshika sinki kwa mikono miwili, kichwa kinagonga, uso umevimba, moyo unaenda mbio. Nikajiambia, Idi, leo unafia ugenini, na watakaokuosha watajua.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nishazoea kuanzia katikati.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nanunua viatu napeleka Kariakoo. Watu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, walinijua kama dada fulani wa Dar, anavaa suruali, hana mume, hana maneno mengi. Mimi nilijijua mwanamume tangu utotoni, na homoni ya kiume, testosteroni, niliitamani mno. Ila hospitali niliiogopa. Pasi yangu ilikuwa na jina la kike. Muuguzi ataliita kwa sauti, na kwenye benchi Mtanzania mmoja hakosekani. Kesho yake Kariakoo nzima inazo habari.

Basi nikafanya tunavyofanya sisi wafanyabiashara. Nikamwonyesha laoban mmoja, mwenye duka la vipodozi, picha ya dawa kwenye simu. Akasema meiyou, hakuna. Kesho yake akaniita, zipo. Vichupa vya mafuta, havina lebo. Nikajichoma sindano mwenyewe, na ndevu zilipochelewa nikaongeza. Mjinga mimi! Nilidhani mwili nao unaharakishwa, kama mzigo unaowahi meli bandarini Huangpu.

Asubuhi hiyo nikampigia Mama Kabedi, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye mgahawa tuliokuwa tunakula. Kichina alikijua sana. Akaja na aproni yake. Nikamweleza yote, sikuwa na nguvu ya kudanganya, nikangoja anitukane. Akakiinua kichupa dirishani, akakitazama.

"Viatu unaangaliaka moja moja," akasema. "Unapinda soli, unanusa gundi, katoni mbaya unarudisha. Hii ya kuingia mu damu yako, uliangalia nini?"

Hata kwa nini nilijiona mwanamume hakuuliza. Alivua aproni, akaniambia nivae viatu.

Hospitali ya kwanza walitukatalia mapokezi palepale. Nikataka kurudi nyumbani. Mama akanishika mkono, tukapanda treni ya metro mpaka nyingine, yenye daktari wa homoni, na akamwomba muuguzi aite namba badala ya jina. Nikakaa kwenye benchi nimeshusha kofia, kila mlango ukifunguka nashtuka. Na kweli, mara nikasikia Kiswahili koridoni, mtu anaongea na simu, anakuja upande wetu. Nikasimama niondoke.

"Papa," Mama Kabedi akaniita. "Kaa. Zamu yetu iko karibu."

Kwao mzazi humwita hivyo mwanawe wa kiume. Mpaka siku ile alikuwa ananiita mama, kama binti yake. Nikakaa, machozi yananitoka, na yule mwenye simu akapita wala hakunitazama.

Daktari akapima damu, akakuta imekuwa nzito mno, ingeweza kuganda. Akanikaripia kweli, na Mama akatafsiri bila kupunguza hata neno. Nikaacha kabisa mpaka damu ikatulia, kisha tukaanza upya kwa kipimo chake, na vipimo vya damu vikaendelea. Ndevu hizi unazozicheka zilikuja polepole, nikiwa hai wa kuzinyoa.

Sasa jana wewe ulinionyesha kichupa kama kile, tena unatabasamu. Sikupata usingizi, mwanangu. Hofu yako naijua, nimeishi nayo, lakini dawa hii usiinunue dukani kwa watu, wala usijiongezee eti ndevu zimechelewa. Mtafute daktari anayepima damu kabla ya kukuandikia. Wa kwanza akikukataa, lia kidogo, kisha nenda kwa wa pili. Na usiende peke yako, maana pale kwenye benchi ndipo wengi tunapokimbia.

Mtu wa kukaa naye unaye. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye mlango wa metro Xiaobei, na kofia yangu. Uje na hicho kichupa, daktari akione.

Mungu akufunike, akupe ndevu na uzee wa kuzeeka nazo.

Uje, papa.