Chapati za Udongo

Watu wa kwetu Lushoto wakishavaa sweta huamini jua limehamia Mombo, kule bondeni kwenye joto. Mimi nina ualbino, na ngozi yangu haijawahi kudanganywa na sweta. Hata ukungu ukitanda, jua linanichoma tu. Tangu utotoni, kila jioni mama hunigeuza kwenye mwanga wa mlango, akakagua shingo na masikio. Akiona wekundu, hukumu ni moja: "Kesho kaa ndani."

Basi siku za kung'oa karoti nilibaki ndani. Shamba letu liko ng'ambo ya kijito. Vicheko vya wanawake vilinifikia, vichekesho vyenyewe havikufika. Iliniuma sana. Na losheni ya jua niliyokuwa nayo iliniwasha mpaka nikaichukia.

Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, anayesomea kemia, alirudi likizo na kopo la losheni nyingine.

"Dada, hii ina udongo."

Mama akashika kiuno. "Tumekusomesha uje umkandike dada yako kama ukuta?"

Mdogo wangu akachukua chapati mezani, akaichambua tabaka moja moja. Udongo huu, akasema, una tabaka kama hizi, ila nyembamba mno, macho hayazioni. Dawa inayonyonya miale mikali ya jua imewekwa katikati yake. Ikikaa humo, inafanya kazi juu ya ngozi, haipenyi ovyo ndani na kuwasha.

"Umeeleza vizuri," mama akasema. "Sasa hiyo chapati uliyoichana nani ataila?"

Niliila mimi.

Losheni tukaijaribu kwanza mkononi, siku kadhaa. Haikuwasha. Siku ya karoti nikajipaka, nikavaa kofia pana na shati la mikono mirefu, nikavuka kijito.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, leo tuone kama una mikono au una mdomo tu."

Nilikuwa na vyote. Niling'oa karoti, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Na vile vichekesho nilivyovitamani miaka yote, kumbe vyote vilimhusu mume wa shangazi na beberu wake.

Jioni mama akanigeuza mlangoni. Shingo salama. Alipofika sikio la kushoto akalisogeza kwenye mwanga.

"Hapa hukupaka. Pamekuwa pekundu."

Nikangoja hukumu yangu.

"Kesho," akasema, "anzia masikioni."