Gari, kwa Ulimi wa Kwetu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi kutoka Nairobi kwa sababu moja tu. Binti yangu alikuwa akilelewa Butula na mama yangu, na kila nilipokwenda kumwona wakati wa Krismasi aliniita anti. Neno hilo liliniuma vibaya. Kwa hiyo niliposikia kwamba mzee mmoja wa Mombasa, mwenye yadi ya mizigo pale Malaba, anatafuta mtu wa kuunganisha mizani ya malori na kompyuta, sikungoja kuitwa mara mbili.

Mzee alipenda utani lakini hakupenda kupotezewa wakati. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. "Mizani ikiongea na kompyuta, binti, kazi ni yako. Isipoongea, tutakunywa chai tuagane." Mimi sikutaka chai ya kuagana. Nilikuwa nimeshaona chumba cha kupanga nyuma ya yadi, chenye dirisha linaloangalia foleni ya malori yanayoelekea Uganda, na nilikuwa nimeshaamua kitanda cha mtoto kitakaa upande gani.

Tulikuwa wawili kazini. Mwenzangu, kijana wa Matayos asiyeishiwa na kicheko, aliandika upande wa Java, lugha moja ya kompyuta: skrini, vitufe, risiti. Mimi nilishika upande wa C, lugha nyingine ya kompyuta, kwa maana C ndiyo iliyoweza kuzungumza na mizani kupitia waya. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Lori likipanda, C inasoma uzito, kisha inaita methodi ya Java, yaani ile kazi ndogo yenye jina lake ndani ya programu, ambayo inapokea uzito na kuuandika kwenye skrini. Majina tuliyaweka kwa Kiswahili, tukajiona wazalendo. Yeye aliyasoma kutoka kwenye kompyuta yake, nami nikayaandika kwenye yangu, kama imla ya shule ya msingi.

Siku ya kujaribu, lori la chumvi likapanda mizani na programu ikafa papo hapo, bila kulalamika wala kuaga. Tukaiwasha tena, ikafa tena. Dereva akachungulia dirishani.

"Boss, nishuke ama nikae hapa juu?"

"Kaa kidogo tu," mwenzangu akamwambia.

Mimi nikikasirika huwa naongea na vitu. Niliitukana mizani kwa Kimarachi, lugha ya kwetu Butula, mpaka mwenzangu akashika mbavu. "Dada, wacha mizani. Kosa ni letu." Na kweli lilikuwa letu. C ikitafuta methodi isiipate, inarudi mikono mitupu. Usipokagua ukaendelea kuita, ni kama kupiga hodi kwenye nyumba isiyokuwepo kisha ukaingia. Mimi sikuwa nimekagua. Nikaongeza ukaguzi, nikaiagiza programu itaje kosa kabla ya kuanguka, na safari hii ikataja: methodi hiyo haipo.

"Haipo aje na mimi naiona?" mwenzangu akasema, akigonga skrini yake kwa kidole.

Tulishuku kwanza zile alama ambazo C lazima iziambatanishe na jina, kueleza methodi inapokea nini na inarudisha nini. Ukikosea herufi moja hapo, Java inakukana. Tukachapisha orodha ya alama hizo kutoka kwa Java yenyewe, tukalinganisha, zikawa sawasawa. Tukashuku kwamba kompyuta inasoma faili la zamani. Tukafuta kila kitu, tukajenga programu upya. Ikasema haipo. Mwisho tukakaa, kila mtu mbele ya kompyuta yake, tukasomeana.

"Soma yako."

"Pima kari."

"Yangu pia ni pima kari. Na hiyo kari umeanza na herufi kubwa?"

"Ni kubwa."

"Hata yangu ni kubwa. Sasa shida iko wapi?"

Tulisomeana hivyo karibu kila siku, na kila siku tulikubaliana. Mwezi ukawa unayoyoma. Siku moja mama yangu, akitoka sokoni Busia, alifika mpaka Malaba kuniuliza kama amfungie mtoto nguo zake au asimfungie. Nikamwambia angoje. Akaketi kidogo, akajitwika mzigo wake akaenda. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa kufukuzwa, kwa sababu nilijua nikirudi Nairobi nitabaki anti mpaka mtoto aolewe.

Siku ya mwisho mzee akaja, akavuta kiti akaketi kati yetu. "Haya, nionyesheni mlipokwama." Tukasomeana mbele yake, mwenzangu akaanza, mimi nikafuata. Pima kari. Pima kari.

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kari! Jamani watu wa huku, gari huwa limewakosea nini? Bahati yenu kompyuta haina masikio."

Mwenzangu naye akacheka. Mimi sikucheka. Sisi Waluhya ulimi wetu ukikutana na g huikaza ikawa k, na viboko vya shuleni havikuutibu. Ni kweli kompyuta haikuwa na masikio, na sisi mwezi mzima tulikuwa tunaikagua kwa masikio. Nikainuka, nikasimama nyuma ya mwenzangu, nikatazama skrini yake nimefunga mdomo. Yeye aliandika pimaGari. Mimi, niliyemsikia vizuri kabisa, niliandika pimaKari.

Nikabadilisha herufi moja. Lori lililofuata likapanda, na uzito ukatokea kwenye skrini, namba kubwa za kijani. Mwenzangu akapiga mayowe. Mimi nililia, na sikuona haya. Mzee akaagiza chai, akasema hiyo ni ya kukaribishana.

Mama alimleta mtoto Jumapili iliyofuata. Kitanda kilikaa pale pale nilipopanga. Siku za mwanzo bado niliitwa anti, nami nilijikaza, sikumlazimisha. Kisha asubuhi moja, nikiwa nachemsha uji, alipanda juu ya kitanda akashika nondo za dirisha. Nje malori yalikuwa yameanza kunguruma.

"Mama," akaita, "kuja uone kari!"

Neno la mwisho nilichapwa shuleni kwa ajili yake. La kwanza nililingoja miaka. Nikaepua uji, nikaenda kuona kari.