Nyumbani Mwisho wa Foleni

Mtaani walimwita Kamera, na waliotaka kumpa heshima yake walimwita Dada Kamera. Ukioa, ukihitimu au ukizika, yeye ndiye aliyefika na mkoba wake mweusi ubavuni na stendi begani, akasimama pembeni bila kelele mpaka shughuli iishe. Harusi zililipa kodi na umeme. Kazi yake hasa, ile ya kumkosesha usingizi, ilikuwa filamu. Hakuwa na kampuni wala mfadhili. Alikuwa na kamera moja, kompyuta inayounguruma kama mashine ya kusaga, na chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme, ambacho dirisha lake alikuwa ameliziba kwa godoro kuukuu ili kelele za barabarani zisiingie.

Na alikuwa na kaka.

Kaka yake alikuwa fundi wa mabango. Majina ya maduka, picha za mitindo ya kunyoa, onyo la kutomwaga taka, karibu yote pale mtaani yalitoka kwenye brashi yake, ndiyo maana naye akaitwa Rangi. Umri wao haukupishana sana, lakini baba yao alipoondoka na asirudi, Rangi ndiye aliyekuwa akimkagua mdogo wake kucha na madaftari kabla ya shule.

Utotoni nyumbani kwao hapakuwa na televisheni. Jirani mmoja alikuwa nayo, ila alikuwa na mlango pia, na aliufunga. Basi Rangi akatundika shuka la mama kwenye korido, akaweka taa ya chemli nyuma yake, akakata watu na wanyama kwenye maboksi ya sabuni, na sinema ikaanza. Sauti zote zilikuwa zake: mfalme, mwizi, mbwa wa mwizi, bibi kizee mwenye kikohozi, treni inayopanda mlima. Kamera alikaa mbele na watoto wenzake. Kazi yake ilikuwa kupokea kiingilio, yaani gololi moja au visoda viwili, na kumtoa nje mwenye mdomo mrefu. Siku moja shuka lilishika moto. Wakachapwa wote wawili, na wiki iliyofuata sinema ikaendelea, tundu la kuungua likiwa ndio mwezi.

Jambo moja tu lilimbaki Rangi moyoni hata alipoota mvi. Hakuwahi kukaa mbele. Aliyaendesha maonyesho yale yote miaka ile yote, na hakuwahi kuliona hata moja kama walivyoliona wenzake.

Hiyo ndiyo filamu aliyoitengeneza Kamera. Alimwomba mpangaji wa nyumba yao ya zamani awaruhusu kuitumia ile korido siku za Jumapili, akamrudisha kaka yake nyuma ya shuka, mtu mzima mwenye miwani, anakata maboksi na kuigiza kikohozi cha bibi. Iliwachukua Jumapili nyingi, kwa kuwa Jumamosi zilikuwa za watu wanaooana. Ilipokamilika alimwita Rangi chumbani kwake, akafungua kompyuta.

Rangi akakifunika kioo chake kwa kiganja.

"Funga hiyo."

"Kaka, si uione kwanza? Uso wako umejaa humo."

"Nitazame kwenye kisanduku, peke yangu, kama mtu anayekula kwa kujificha? Sitaki. Nataka shuka kubwa, nataka watu, na mimi nikae mbele katikati yao. Nimengoja tangu utoto, siwezi kushindwa na mwezi mmoja."

"Haya. Mwezi mmoja," Kamera akasema.

Lakini siku chache baadaye tamasha moja la mbali likaikubali filamu, na barua yao ilikuwa na sharti. Filamu isiwe imeonyeshwa hadharani popote duniani kabla ya kwao. Kamera hakuwa ameliwazia jambo hilo. Alimpigia kaka yake kwa furaha na haya.

"Kaka, nikiionyesha nyumbani kwanza, hawaichukui tena."

"Sasa unaniuliza nini? Nenda! Subira yavuta heri."

Akaenda. Alitembea kwenye baridi na koti la kuazima, kitambulisho kinaning'inia shingoni, diski yenye filamu ameificha ndani ya soksi kana kwamba kuna mwizi wa filamu ambazo hakuna anayezijua. Ukumbi haukujaa. Lakini walipofika mahali fulani katikati ya filamu, kipande kirefu kisicho na sauti hata kidogo, alisikia watu wasiomjua wakizuia pumzi. Kipande kile alikuwa amekihangaikia kuliko vyote. Baada ya onyesho mama mmoja mwenye mvi alimshika mikono akalia, akamuuliza kama yule mzee wa nyuma ya shuka bado yu hai. "Yu hai sana," Kamera akamjibu. "Ananisubiri."

Kutoka hapo tamasha likaita tamasha. La pili lilitaka liwe la kwanza kuionyesha katika bara zima. La tatu likataka kuwa la kwanza katika kanda. Kila moja lilikuwa na wivu wake kama mke mwenza, na Kamera kila alipopiga hesabu aliona nyumbani ndiko kunakobaki mwisho wa foleni. Kila safari alimletea kaka yake kitu kidogo, kofia, kikombe, na kila safari alimwambia hii ndiyo ya mwisho.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na karakana ya Rangi, hakuacha kumchokoza. "Dada Kamera, hiyo filamu yako inaogopa wenyeji? Ngojangoja huumiza matumbo!"

"Acha mtoto afanye kazi," Rangi alimjibu kutoka ndani. "Wewe mwenyewe pesa za bango lako bado nakudai."

Bango hilo Kamera aliliona alipotoka safari ya tatu. Lilikuwa jipya, na herufi zake zilianza vizuri kushoto, kisha zikawa zinateremka kama watu wanaoshuka ngazi, mpaka ya mwisho ikakosa nafasi ikaning'inia ukingoni. Alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Kaka, siku hizi unaandika ukiwa umelewa?"

"Ndiyo mtindo wa kisasa huo," Rangi akasema, naye akacheka. "Nyinyi wasanii wa nje mnajifanya hamuujui?"

Mke wa Rangi alikuwa anaanika nguo pale nje. Hakucheka. Alimtazama wifi yake kwa muda, akaminya shati ambalo maji yalikwisha kutoka, akaingia ndani. Kamera alidhani wamegombana, mambo ya mume na mke, akaona si adabu kuuliza.

Tamasha la nne halikumpa tuzo, lakini liliisha, na baada yake hapakuwa na jingine la kumnyima ruhusa. Kamera hakungoja hata mizigo itulie. Aliazima ukumbi wa shule ya jirani siku ya Jumapili mchana, akakodi mashine ya kuonyeshea picha, akashona mashuka manne pamoja. Madirisha wakayaziba kwa mablanketi ya majirani. Spika zilikuwa mbili, moja ikagoma, basi iliyobaki akaiweka kushoto, juu ya dawati.

Mtaa ulikuja. Walikuja waliooana mbele ya kamera yake, na watoto wao. Rangi aliingia amevaa suti, mkewe amemshika kiwiko, na watu wakasema tazama wanavyopendeza, kama maharusi. Akawekwa mstari wa mbele, katikati. Kamera alikuwa kwenye nyaya, akampungia mkono kutoka nyuma. Rangi hakumpungia. Ukumbi una giza, Kamera akasema moyoni, hajaniona.

Filamu ikaanza. Watu walicheka kwa bibi mwenye kikohozi. Mzee mmoja aliitambua korido, akaitaja kwa sauti. Kamera hakutazama shuka, alikwisha kuitazama filamu ile mpaka macho yakachoka. Alitazama upande wa uso wa kaka yake. Uso ule ndio aliokuwa ameusafiria. Alisogea taratibu pembeni mwa ukuta ili auone vizuri, akauona, na haukuwa umeelekea kwenye picha. Ulikuwa umeelekea kushoto, juu ya dawati. Labda shingo inamuuma, akawaza. Labda anaifuatilia sauti yake mwenyewe, fundi ni fundi.

Ndipo kikaja kile kipande cha kimya. Ukumbi mzima ukatulia, watoto kwa watu wazima, kama walivyotulia kule kwenye baridi.

Na Rangi akapiga makofi.

Alipiga kwa nguvu, kwa moyo wake wote, akasimama kabisa, tabasamu mpaka masikioni, amelielekea dawati. Waliokuwa nyuma yake walishangaa, kisha kwa kuwa yeye ndiye mwenye shughuli, wawili watatu nao wakapiga. Mkewe akamvuta mkono, akamnong'oneza. Rangi akakaa taratibu, kiganja kimoja bado kiko hewani.

 Bango la kinyozi, shati lililominywa bila maji, mkono usiopungwa, vyote vilimjia Kamera kwa mpigo, na kila kimoja kilimpiga mahali pake.

Taa zilipowashwa, kinyozi alikuwa wa kwanza. "Rangi! Makofi kabla ya mwisho? Ulikuwa unawahi wapi?"

"Nilikuona umesinzia, nikataka kukuamsha."

Watu wakaangua kicheko. Wakampa mikono, wakamwambia ametoka vizuri, na Rangi akawaambia asante, asante, picha nimeipenda sana, mdogo wangu ana jicho. Alisema hivyo kwa kila mtu. Kamera alisimama kando akimsikiliza mpaka wa mwisho alipotoka na blanketi lake.

Wakabaki watatu. Wifi alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Alinikataza, wifi yangu. Aliniapisha."

Kamera akachuchumaa mbele ya kaka yake. "Tangu lini?"

"Giza lilianza pembeni pembeni," Rangi akasema. Hakujifanya haelewi. "Kama mtu anavuta mapazia kila upande. Hospitali wakasema presha ya macho, wakanipa matone, wakasema nimechelewa. Uliporudi ile safari ya tatu nilikuwa bado naona kama kwenye tundu la ufunguo. Bango la kinyozi ndilo la mwisho."

"Na mimi nikalicheka."

"Lilikuwa linachekesha. Niliambiwa."

"Kaka, kwa nini hukuniambia?"

"Ungerudi."

"Ndiyo, ningerudi! Ningekuonyesha siku ileile. Tamasha gani? Ningeitundika hapo barabarani."

"Ndiyo maana sikukwambia." Alimtafuta bega, akalipata. "Ungeitundika kwa ajili yangu, na wale waliokuita wangekufungia mlango. Mlango wa kufungiwa naujua ulivyo. Halafu usijibebeshe lote, ile kompyuta niliifunika mimi kwa mkono wangu."

"Na mimi ndiye niliyesema subiri."

"Basi tulikuwa wawili."

Wifi akatoka nje kujifuta uso. Rangi akakunja na kukunjua kofia aliyoletewa kutoka moja ya miji ile.

"Niambie kitu. Pale nilipojiaibisha. Palikuwa na nini?"

Katika miji minne Kamera alikuwa ameulizwa kuhusu kipande kile. Alikuwa na maelezo yake, marefu na mazuri, ya kumbukumbu na ya ukimya. Akayaacha yote.

"Mkono wako," akasema. "Kivuli cha mkono wako kwenye shuka."

"Unafanya nini?"

"Haufanyi kitu. Umetulia tu."

"Muda wote huo?"

"Wote."

"Na watu wanatazama tu?"

"Wanatazama tu, kaka. Wengine wanalia."

Rangi akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwenzake asiyeielewa. "Ungeweka hata sauti kidogo, mdogo wangu."

Hakulaumu. Ingekuwa afadhali angelaumu.

"Irudishe," akasema. "Hapo tu."

Mablanketi yalikwisha kuondoka na wenyewe, na jua la alasiri lilikuwa limejaa ukumbini. Kamera akawasha mashine, akarudisha mpaka pale. Juu ya mashuka palikuwa na weupe tu na kitu kama doa hafifu ambalo asiyelijua asingeliona. Akaja, akaushika uso wa kaka yake kwa viganja viwili, akaugeuza kutoka kwenye spika, akauelekeza kunakostahili. Kisha akakaa kwenye kiti cha jirani.

Rangi alikaa wima, mikono juu ya magoti, macho wazi.

"Bado?" akauliza.

"Bado."

Nje kinyozi alikuwa anasimulia jambo, watu wanacheka.

"Mkono bado upo?"

"Upo, kaka."

Filamu ilifika mwisho wa kile kipande, ikasimama pale Kamera alipokuwa ameamuru isimame. Doa likapotea. Mashine ikabaki inavuma.

"Sasa kimeisha?"

Kamera aliyatazama yale mashuka matupu. "Bado," akasema. "Bado kidogo."