Kipesa cha Kitovuni

Mama yangu amekuwa mkunga wa kijiji chetu huko Kiuyu kwa miaka mingi. Kila mtoto aliyempokea alimfunga kitambaa tumboni, ndani yake kipesa cha shaba chenye tundu la mraba, ili kitovu kisitokeze. Bibi ndiye aliyekiokota akilima muhogo. Upande mmoja mtupu, wa pili una maandishi manne. Wazee walisema ni Kiarabu cha kale mno, hakuna tena wa kukisoma. Basi maandishi yakaelekezwa juu siku zote, mkojo usiyaguse, na chooni kipesa hakikuingia hata siku moja.

Mwaka huu ustadhi mmoja kijana, ndevu zenyewe hazijamjaa, alikiona akamwambia mama kuwa hayo ni maandishi ya mashetani. Mtu akiona asichokijua, shetani ndiye wa kwanza kusingiziwa. Mama akaacha kula. Hasira zilinipanda, nikamchukua mpaka Chake Chake, kwa bwana mmoja wa makumbusho anayezijua sarafu.

Bwana yule alimwamkia mama, akamsikiliza akieleza kilivyookotwa, akakipima kipesa kwenye mizani ndogo, kisha akakiinamia na lenzi yake. Alipoinua kichwa, alimgeukia mama.

"Hiki cha Wachina, bi mkubwa. Kina zaidi ya miaka mia tisa. Maandishi yake husomwa juu, chini, kisha kulia na kushoto. Mawili ya mwanzo ni jina la zama za mfalme wao. Mawili ya mwisho yanasema hii ni pesa ya kupita mikononi."

Alisema vingine alivyowahi kuletewa vimelika hata havisomeki. Hiki, kila mstari uko wazi. Miaka yote hiyo tulikosea lugha, na kwa kukosea huko tukayatunza maandishi ya watu tusiowajua kama tunavyotunza msahafu.

Nikamuuliza thamani yake.

"Kwa wanaonunua huko nje, si kubwa. Vilitengenezwa vingi mno. Mimi naona thamani yake ni kuwa kimeokotwa Kiuyu, na mwenyewe aliyekiokota anajulikana."

Mama hakuwa akisikiliza habari za bei. Akamuuliza bwana yule, "Mwanangu, hayo maandishi hayaiti mtu?"

"Vipi, bi mkubwa?"

"Kuna watoto n'lowafunga wakafa kabla ya arubaini. Yule ustadhi kanambia mie ndiye n'lowaitia mashetani."

Hilo mimi hakuwahi kuniambia. Bwana yule alivua miwani. "Ni pesa tu, mama. Haimo sauti ya kumwita mtoto wa mtu."

Mama alifumba macho. Akaanza kuwaombea rehema wale watoto mmoja mmoja, kila mmoja akimtaja kwa jina la mama yake, kwa kuwa wengi walikufa kabla ya kupewa jina. Bwana wa makumbusho alivuta kiti, akawa anaitikia amina mpaka mtoto wa mwisho.