Gari Lililopumua Mtoni

Juzi pale Kaplong niliona gari lenye bomba refu kando ya kioo, nikasisimka mwili.

Nilikuwa mtoto. Mvua ilinyesha, nasi tulisimama kwenye shamba la majani chai juu ya mto, tukingoja magari ya mbio. Ukungu ulinuka petroli. Baba alibishana na jirani yetu, Baba Akinyi, fundi wa kiwandani, kuhusu bomba kama hilo.

"Hiyo bomba ni wizi. Sheria ya mbio imekataa," Baba alisema.

"Imekubali! Bila bomba, gari itapumua aje kwa maji?"

Nikaamini gari lina mapafu. Sasa najua ni injini tu inayovuta hewa kupitia bomba.

Gari lenye bomba likatokea, likaingia mtoni, maji yakafika kwenye kioo. Injini ikanguruma humo majini, kisha ikazimika. Wanaume wakasahau ubishi, wakateremka na kamba. Walimtoa dereva na mwenzake, wazima lakini wakitetemeka.

Ndipo bombani kukasikika pumzi, taratibu, kama ya mtu aliyelala.

"Baba, nani amebaki ndani?" niliuliza.

Baba Akinyi alirudi mtoni akapapasa viti vyote.

"Hakuna mtu," alisema, lakini alitoka majini haraka kuliko alivyoingia.